Philip Payton: Ajenti wa nyumba aliyegeuza ubaguzi kuwa biashara

Kama umewahi kusaka nyumba ya kupanga jijini, basi ajenti unamjua. Ndiye yule anayekuonyesha chumba huku simu yake ikilia kila dakika mbili, akikwambia kuna mteja mwingine anakuja kulipa jioni hiyo hiyo. Siku hizi wengine wao ni mastaa mtandaoni. Anajipiga picha sebuleni mwa jumba ambalo si lake, nawe unabaki kujiuliza: huyu jamaa ana pesa kweli, ama anauza tu sura ya pesa?

Swali hilo si geni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, jijini New York, watu walikuwa wakiuliza vivyo hivyo kuhusu kijana mmoja mweusi aliyeitwa Philip Payton. Aliingia jijini bila kitu. Ndani ya miaka mitano alikuwa akiandikwa magazetini, akiongoza kampuni yenye mtaji uliotangazwa kuwa dola 500,000. Miaka mingine minne baadaye kampuni hiyo ilikuwa imeporomoka. Alipofariki hata hakuwa amefika miaka 42.

Leo huyu ndiye anayeitwa baba wa Harlem, ule mtaa uliokuja kuwa kama mji mkuu wa watu weusi wa Marekani. Lakini usimsome kama hadithi ya shujaa tu. Ndani ya maisha yake kuna kesi, kuna akiba za watu zilizoyeyuka, na kuna wapangaji waliolipa kodi ya juu kuliko majirani zao. Vyote hivyo vilitoka kwenye mkoba mmoja.

Mwana wa kinyozi

Payton alizaliwa Februari 27, 1876 huko Westfield, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa kinyozi na mama yake alitengeneza watu nywele. Halikuwa boma la matajiri, lakini lilikuwa boma la watu waliojua kushika wembe, kushika pesa na kusukuma watoto shuleni. Mmoja wa ndugu zake alifika hadi Chuo Kikuu cha Yale, jambo ambalo kwa kijana mweusi wa enzi hizo lilikuwa adimu mno.

Philip mwenyewe hakuwa mtu wa vitabu sana. Alifunzwa kazi ya kinyozi na babake angali mdogo, akapitia chuo cha Livingstone huko North Carolina, kisha akarudi nyumbani. Unaweza kumwona pale dukani, wateja wakibadilishana viti, kila siku ikifanana na jana. Alitaka zaidi ya hapo. Mwaka 1899, akiwa na miaka 23, akafunga safari ya New York kwenda kutafuta riziki.

Jiji halikumpokea kwa zulia jekundu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia mashine za sarafu katika duka kubwa, zile za watu kujipima uzito na kutazama picha. Mshahara ulikuwa dola 6 kwa wiki. Hiyo ikaisha. Akarudi kwenye wembe. Halafu akapata kazi ya usafi na utumwa-nitume katika ofisi ya wauzaji nyumba, kwa dola 8 hivi kila wiki.

Hapo ndipo macho yalipofunguka. Fikiria uko katika ofisi kama hiyo na ufagio mkononi. Hakuna anayekutilia maanani, kwa hivyo watu wanaongea biashara yao yote mbele yako. Unasikia nyumba ikinunuliwa asubuhi na kuuzwa jioni. Unagundua kwamba wengi wa wanaume wale waliovaa suti hawana nyumba hata moja. Wanachouza ni habari: nani anauza, nani anatafuta, na bei gani itawakutanisha.

Mwaka 1900 Payton na mwenzake mmoja wakafungua ofisi yao ndogo ya uwakala. Mwaka huo huo akamwoa Maggie.

Miezi ya njaa

Ungetarajia mambo yanyooke sasa, sivyo? Wapi! Wateja hawakuja. Baada ya miezi michache mwenzake akachoka, akaondoka na kumwachia Payton meza na deni. Maggie alishona nguo za watu ili wapate chakula. Kuna siku ambazo ajenti huyu wa nyumba alitembea kwa miguu kutoka ofisini hadi kwake kwa kuwa hakuwa na nauli. Na kituko kikubwa zaidi ni hiki: mtu aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa kuwatafutia watu makao alifukuzwa kwenye nyumba alizopanga, zaidi ya mara moja, kwa kushindwa kulipa kodi.

Hata hivyo hakufunga. Badala ya kungoja wateja wa kila aina, aliamua kuwa na soko moja. Akaweka matangazo katika majarida ya biashara ya nyumba akiwaambia wenye majumba kuwa kazi yake maalumu ni kusimamia majumba ya wapangaji weusi. Wakati huo hilo lilikuwa soko ambalo maajenti wazungu hawakulitaka na maajenti weusi walikuwa wachache. Ilikuwa kama kutupa ndoano kwenye bwawa ambalo wengine wote walilidharau.

Samaki wa kwanza alikuja kwa njia ya ajabu. Kama Payton mwenyewe alivyosimulia miaka ya baadaye, wenye nyumba wawili wazungu katika Barabara ya 134 Magharibi, huko Harlem, walikosana. Mmoja wao, ili tu amkomoe mwenzake, akampa Payton jumba lake alijaze wapangaji weusi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mzungu yule alitaka kumtia jirani yake hasara na aibu, nao wapangaji wakaingia wakiwa na pesa mkononi na wakalipa kodi kwa wakati. Baada ya hapo Payton akapewa majumba mengine ya kusimamia.

Kwa nini Harlem?

Ili uelewe utajiri wake ulitoka wapi, lazima uelewe mtaa wenyewe.

Harlem iko kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan. Mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa Harlem unayoisikia kwenye nyimbo. Ilikuwa mtaa wa wazungu wenye uwezo, wenye barabara pana na majumba mapya ya kupendeza. Jiji lilikuwa linajenga reli ya chini ya ardhi kuelekea huko, na kila mwenye pesa alijua kuwa treni ikifika, ardhi itapanda bei. Basi wakajenga. Wakajenga tena. Wakakopa benki na kuendelea kujenga.

Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa na wazo lile lile. Treni ya Lenox Avenue ilipoanza kufika Harlem mwishoni mwa 1904, majumba yalikuwa mengi kuliko wapangaji, na kodi ilikuwa ya juu mno kwa watu wa kawaida. Soko likaanguka. Mabenki yakafunga mkono. Ukipita jioni uliona madirisha yenye giza, jumba baada ya jumba, na kila dirisha la giza lilikuwa mwenye nyumba anayetoka jasho kwa sababu ya mkopo.

Sasa geuza macho upande wa pili wa kisiwa. Watu weusi wa New York walikuwa wamebanana katika mitaa ya magharibi kama Tenderloin na San Juan Hill. Nyumba zilikuwa mbovu. Agosti 1900 magenge ya wazungu yaliwashambulia weusi barabarani huko Tenderloin, na polisi badala ya kuwalinda wakajiunga kuwapiga. Kisha kampuni ya reli ikaanza kubomoa sehemu ya mtaa huo ili kujenga kituo kikubwa cha treni, Pennsylvania Station. Familia zikaambiwa zihame. Zihamie wapi? Wenye nyumba wengi jijini hawakutaka kumpangisha mtu mweusi kwa bei yoyote.

Kwa hivyo huku kulikuwa na nyumba bila watu, kule kulikuwa na watu bila nyumba. Katikati kulikuwa na ukuta, na ukuta huo ulikuwa ubaguzi. Payton hakuuvunja kwa hotuba. Aliuchungulia, akaona una tundu lenye ukubwa wa mkataba wa kodi.

Hesabu ilivyokuwa

Mbinu yake ilikuwa hivi. Alimwendea mwenye jumba lililokaa tupu na kumwambia: nipe jumba lote kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano, nami nitakulipa kodi iliyokubaliwa kila mwezi, vyumba vijae visijae. Mwenye jumba aliyebanwa na benki alipumua. Hakuhitaji tena kukutana na mpangaji yeyote. Payton naye akawapangisha watu weusi chumba kimoja kimoja, kwa jumla iliyozidi ile aliyomlipa mwenyewe. Tofauti iliyobaki ndiyo iliyokuwa faida yake.

Umeona pale pesa ilipotokea? Wapangaji wake walilipa zaidi ya kile ambacho wazungu wangelipa kwa vyumba hivyo hivyo. Walilipa kwa sababu hawakuwa na kwingine kwa kwenda, na kwa sababu mara ya kwanza maishani walipata nyumba safi, yenye mwangaza na maji ndani, mbali na fujo za Tenderloin. Payton aliwafungulia mlango. Lakini pia aliwatoza kiingilio. Yote mawili ni kweli, na ukichukua moja na kuacha jingine hutamwelewa mtu huyu.

Juni 1904 aliisajili rasmi kampuni yake, Afro-American Realty Company, pamoja na wafanyabiashara wengine weusi. Mtaji uliotangazwa ulikuwa dola 500,000, ukigawanywa katika hisa 50,000 za dola 10 kila moja. Kumbuka alipokuwa na ufagio mkononi alilipwa dola 8 kwa wiki. Hisa moja ilikuwa zaidi ya mshahara wa wiki nzima wa mtu kama yeye wa jana. Hata hivyo mauzo yalilenga watu hao hao: wapishi, mabawabu, watumishi wa nyumbani, wahudumu wa treni.

Matangazo yake yalikuwa na ujanja. Hayakuomba huruma. Yalimweleza msomaji mweusi kwamba ubaguzi ni anasa inayowagharimu wazungu wenyewe, na kwamba mtu mweusi akiweka pesa zake pamoja na za wenzake anaweza kuigeuza anasa hiyo kuwa faida. Nunua hisa, pata gawio, na wakati huo huo usaidie watu wako wapate makao. Nani angekataa?

Siku ya kisasi cha mikataba

Kilichomfanya Payton kuwa jina la nyumbani ni vita moja katika Barabara ya 135 Magharibi.

Kampuni ya wazungu, Hudson Realty, iliona weusi wanazidi kuingia mtaani na ikaamua kuwazuia kwa pesa. Ikanunua majumba matatu yaliyokuwa na wapangaji weusi, kisha ikawatoa wote. Nia ilikuwa barabara ile ibaki ya wazungu.

Payton hakwenda kuandamana. Alinunua majumba mawili yaliyopakana na yale matatu, yaliyokuwa na wapangaji wazungu, akawapa notisi. Wazungu wakatoka, na familia nyeusi zilizofukuzwa mlango wa jirani zikaingia humo. Hudson Realty ikabaki na majumba matatu kwenye barabara ambayo sasa hakuna mteja wake angeitaka. Haikuchukua muda ikasalimu amri na kuyauza. Unajua yaliangukia mikononi mwa nani? Kampuni ya Payton.

Habari ikasambaa mbali. Magazeti ya wazungu yaliandika kana kwamba vita vimezuka Harlem. Magazeti ya weusi yalishangilia. Watu walioshindwa kwa miaka mingi mbele ya askari na mahakimu walimwona mtu wao akishinda kwa karatasi na saini. Ukweli wa pili ni kwamba wapangaji wazungu wa yale majumba mawili pia walikuwa watu waliolipa kodi yao na hawakuwa wamemkosea Payton. Mchezo aliocheza ulikuwa ule ule wa wapinzani wake. Aliucheza vizuri kuliko wao, basi.

Maisha ya kifahari

Sasa mambo yalikuwa yamenoga. Payton na Maggie, waliowahi kutupiwa virago nje, walinunua nyumba yao ya ghorofa katika Barabara ya 131 Magharibi, Harlem. Ofisi ikajaa makarani na wauzaji. Katika kilele chake kampuni ilisimamia majumba 20 hivi ya wapangaji.

Alikuwa pia na marafiki wazito. Booker T. Washington, aliyekuwa kiongozi mweusi mwenye ushawishi mkubwa zaidi Marekani siku hizo, alimfagilia, na katika kitabu chake cha 1907 kuhusu wafanyabiashara weusi alimpa nafasi kama mfano wa kuigwa. Emmett Scott, katibu na mtu wa mkono wa kulia wa Washington, alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni. Fred Moore, aliyekuwa na gazeti la New York Age, naye alikuwa ndani. Kwa mwenye hisa wa kawaida majina hayo yalitosha kuwa dhamana. Ukiona wakubwa wameketi mezani, unadhani chakula kimeshaonjwa.

Lakini jiulize: katika majumba yale 20, ni mangapi yalikuwa yao hasa? Mengi yalikuwa ya kukodi, na yale waliyonunua yalinunuliwa kwa mikopo. Kila mwisho wa mwezi kodi ilidaiwa na wenye majumba, riba ilidaiwa na wakopeshaji, na mafundi walidai chao. Kampuni ilikuwa na sura ya tembo lakini tumbo lake lilikuwa la sungura.

Mali bila daftari

Mnamo 1906 wenyehisa wakaanza kuuliza maswali. Gawio liko wapi? Kwa nini mwenyekiti anaamua mambo makubwa peke yake? Hata baadhi ya wakurugenzi walinung'unika kwamba Payton alikuwa akiingia mikataba mikubwa bila kuwashirikisha vya kutosha.

Baada ya maneno, kesi. Kundi la wenyehisa zaidi ya 40 lilikwenda mahakamani likidai kudanganywa. Hoja yao kuu ilikuwa rahisi na nzito. Karatasi za kuuzia hisa zilionyesha kuwa kampuni ina mali nyingi isiyo na deni. Kumbe majumba mengine yalikuwa yamewekwa rehani na mengine hayakuwa ya kampuni kabisa bali ya kukodi. Januari 1907 Payton alikamatwa kuhusiana na kesi hiyo ya madai. Hebu fikiria kichwa cha habari: shujaa wa Barabara ya 135 mikononi mwa maafisa wa sheria.

Mahakama iliona kwamba kampuni kweli iliwapotosha wanunuzi. Gawio lililowahi kulipwa lilikuwa moja tu. Wakati huo huo, vuli ya 1907, msukosuko mkubwa wa fedha uliikumba Marekani, mabenki yakaanguka, na hakuna aliyekuwa tayari kuikopesha kampuni ya weusi iliyotoka mahakamani na madoa. Payton aliomba msaada kwa marafiki wale wakubwa. Hawakutoa pesa za kumwokoa. Mwaka 1908 Afro-American Realty Company ikafunga milango.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hii iliisha na habari nyingi sana, lakini kiini chake kilikuwa daftari. Na walioumia zaidi hawakuwa wenye suti. Walikuwa wale waliolimbikiza sarafu kwenye kopo hadi zikatimia dola 10, wakaamini kuwa wamenunua kipande cha Harlem.

Payton alikuwa tapeli, basi? Ushahidi uliopo unaelekea zaidi kumwonyesha mtu aliyeamini ndoto yake mno hadi akaiuza kabla haijakamilika. Alihesabu mali aliyotarajia kama mali aliyonayo. Kwa aliyepoteza akiba yake, sijui kama tofauti hiyo ni faraja.

Mlango uliobaki wazi

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Kampuni ilikufa, lakini wapangaji hawakuhama. Wenye majumba waliochukua tena majumba yao walikuta yamejaa watu weusi wanaolipa kodi, na wakalinganisha na majumba matupu ya jirani. Wengi wakawaacha wakae.

Wazungu waliokasirika walijaribu kila njia. Waliwekeana mikataba ya kutouza wala kupangishia weusi. Kiongozi mmoja wa wenye nyumba alipendekeza hata kujengwa uzio wa futi 24 kati ya nyumba zao na za weusi. Haikufaa kitu. Mwenye nyumba mwenye deni hawezi kula uzio.

Vijana wawili waliokuwa wauzaji katika ofisi ya Payton, John Nail na Henry Parker, waliondoka 1907 na kuanzisha kampuni yao. Walikuwa wamejifunza kutoka kwa mafanikio yake na pia kutokana na makosa yake. Mwaka 1911 walilisaidia Kanisa la St. Philip's, la waumini weusi, kununua safu ya majumba 10 katika Barabara ya 135 kwa dola 640,000. Awali majumba hayo hayakuruhusu mpangaji mweusi.

Payton mwenyewe hakukubali kuzikwa angali hai. Alirudi kazini kwa jina lake mwenyewe, akasimamia majumba, akaenda polepole. Kisha Julai 1917 akapiga dili kubwa kuliko zote maishani mwake. Alinunua kwa pamoja majumba sita ya kupangisha katika Barabara za 141 na 142, kwa thamani iliyoripotiwa kuwa dola milioni 1.5. Majumba hayo akayapa majina ya watu weusi wa kihistoria. Mpangaji angeweza sasa kusema anaishi kwa Toussaint, yule aliyeongoza watumwa wa Haiti kujikomboa, au kwa Phillis Wheatley, mshairi aliyezaliwa Afrika na kuuzwa utumwani.

Mwezi mmoja baadaye, Agosti 1917, Philip Payton alifariki kwa saratani ya ini katika nyumba yake ya mapumziko huko Allenhurst, New Jersey. Alikuwa na miaka 41. Hakuishi kuona kilichofuata.

Nacho kilikuwa hiki. Maelfu kwa maelfu ya watu weusi walikuwa wakitoka kusini mwa Marekani wakikimbia umaskini na mauaji ya kikatili, na sasa walikuwa na mahali pa kufikia. Kufikia 1930 Harlem ilikuwa na wakazi weusi zaidi ya 150,000. Marcus Garvey aliweka makao yake huko. Langston Hughes na Zora Neale Hurston waliandika humo. Duke Ellington alipiga muziki wake humo. Ulimwengu mzima ulijifunza jina Harlem.

Lakini kodi nayo haikushuka. Katika miaka ya 1920 ilikuwa juu kiasi kwamba watu waliandaa sherehe nyumbani mwao, wakaleta mpiga piano na kuwatoza wageni kiingilio, ili asubuhi wapate pesa za landilodi. Muziki mtamu wa Harlem ulichezwa pia kwa sababu kodi ilikuwa chungu. Ubaguzi uliogeuzwa biashara uliendelea kuwa biashara, na mpangaji aliendelea kuulipia.

Mgala muue na haki yake mpe. Payton alipata pesa kwa watu waliokosa pa kwenda, na alitumia akiba zao kwa uzembe. Pia aliwafikisha mahali ambapo hakuna polisi, benki wala uzio uliweza kuwatoa. Utajiri wake binafsi haukudumu. Mtaa ulidumu.

Wewe unayeletewa leo hisa za ploti, nyumba ambayo bado ni mchoro, au chama cha kununua ardhi chenye majina makubwa kwenye bango, fanya kile wanunuzi wa hisa za dola 10 hawakupata nafasi ya kufanya. Usiulize ajenti ana wafuasi wangapi wala anaendesha gari gani. Uliza jumba hilo ni la nani, lina deni kiasi gani, na uone karatasi kwa macho yako kabla mkono haujaingia mfukoni.